Mjadala: Je, kijiji cha Krismasi chenye theluji bandia kinawafaa watoto wa Nakuru?

Wazazi wenzangu, nafungua mjadala huu kwa sababu kila Desemba tunaalikwa kuwapeleka watoto wetu katika maonyesho yanayoitwa kijiji cha Krismasi, ambako kwa kiingilio wanaona vibanda vya mbao, theluji ya pamba na mzee mwenye ndevu nyeupe. Baadhi ya wazazi ninaozungumza nao wangependa tuwe na kijiji cha kudumu cha namna hiyo kwenye miinuko ya Menengai, mlima wa volkeno ulio jirani na mji wetu. Mimi naunga mkono kijiji, lakini napinga theluji.

Wenzetu waliobuni vijiji hivi walikuwa na sababu zao. Mwaka 1949 kilifunguliwa kimoja kwenye mteremko wa mlima Whiteface, jimbo la New York nchini Marekani, chenye nyumba za magogo na kulungu wa nchi za baridi. Magogo ni zao la misitu ya milima yao, na mapaa ya nyumba za aina hiyo huchongoka ili theluji iteleze badala ya kulundikana na kuyavunja. Kwa hiyo mtoto wa huko anapopandishwa mlimani huonyeshwa jinsi wazee wake walivyoishi. Tukiiga pamba tupu, mtoto wetu anaonyeshwa wazee wa nani?

Mwaka jana, tukiwa mbele ya maonyesho kama hayo, binti yangu wa miaka sita aliniuliza ikiwa Krismasi ya nyanya yake si ya kweli kwa kuwa haina theluji. Swali hilo liliniuma. Siku tatu baadaye tulikuwa kwa nyanya huyo, upande wa Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako baridi ya usiku iliwalaza watoto watatu chini ya blanketi moja, mahindi yalikuwa yameanikwa uani, na babu aliwasimulia kuhusu ndovu wanaoingia gizani katika pango la Kitum kukwangua mwamba kwa pembe ili wapate chumvi. Tangu hapo binti yangu hajaitaja pamba ile tena.

Najua nitajibiwa kwamba si kila mzazi anaweza kusafiri, kwa maana nauli za matatu hupanda wiki ile ile ambayo kila mtu anataka kwenda nyumbani. Tena wapo majirani zetu waliopoteza mashamba katika ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, ambao hawana mashambani pa kuwapeleka watoto. Hoja hii ndiyo iliyonifanya nikubali kijiji cha Menengai. Ila kiwe na nyumba ya nyasi, mafiga, ng'ombe wa kukamwa, unga wa kukandwa chapati, na wazee wanaolipwa vizuri kusimulia ngano kwa lugha zao.

Wengine watasema Krismasi yenyewe ilitoka nje. Hata msaiprasi tunaoukata tawi na kulisimamisha sebuleni asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini huo tumeupanda wenyewe, ukaota katika udongo wetu, na watoto wetu wanaujua harufu.

Ningependa kusikia kwanza kutoka kwa wazazi wasio na mashambani pa kurudi: mkimpandisha mtoto wenu Menengai Desemba hii, mngetaka akute nini?