Chuo hakina ada, ila viza inataka euro 11,904. Tuuze shamba la zabibu?

Kaka wa Hombolo:
Mbukwenyi wakuu. Mdogo wangu wa kike kamaliza uhandisi wa kompyuta UDOM, sasa kapata nafasi ya uzamili Magdeburg, Ujerumani. Ada hakuna, ni mchango wa muhula tu. Tulishangilia mpaka majirani wakaja. Kumbe viza inataka aonyeshe euro 11,904 kwenye akaunti maalumu. Zaidi ya milioni 30! Mzee kaamua tuuze shamba la zabibu, ekari moja na nusu, na mnunuzi keshakuja kulipima kwa hatua. Mama hajasema neno, anaendelea kupogoa mizabibu. Naomba kujua: hiyo hela inakwenda kwa nani, na kuna njia nyingine?

Mzalendo wa Kibaigwa:
Uzeni. Elimu ndiyo urithi, shamba litapatikana tena.

Dada wa Ipagala:
Kaka, pole na hongera. Nimesoma huko, na nakusihi msiuze.

Hiyo hela ni ya mdogo wako mwenyewe. Haiendi chuoni wala serikalini. Inafungiwa, na akifika anaachiwa euro 992 kila mwezi za chumba, bima ya afya na chakula. Viza ikikataliwa inarudi, ukiondoa makato.

Sasa wengi wanakwama hapa. Kibali cha kuishi kikikaribia kuisha, uhamiaji wa mji ule wanamuuliza upya: mwaka ujao utakula nini? Uzamili ni miaka miwili. Mkiuza shamba mmemaliza mwaka wa kwanza. Wa pili mtauza nini? Zabibu za Dodoma mnavuna mara mbili kwa mwaka, hilo shamba ndilo la kumbeba mwaka wa pili. Nimeona binti mwenye akili kuliko sisi wote akikosa usingizi kwa sababu nyumbani walimaliza kila kitu mara moja.

Kazi ipo. Tangu 2024 mwanafunzi wa nje anaruhusiwa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Ila msiihesabu kabla hajaipata. Bila Kijerumani miezi ya mwanzo ni migumu. Mimi nilianza kupanga vitabu maktaba ya chuo, na ile kazi niliipata kwa kuuliza kila dawati. Akishasajiliwa aombe pia ufadhili wa masomo unaoitwa Deutschlandstipendium, euro 300 kwa mwezi, haubagui uraia.

Halafu, mna ndugu anayeishi Ujerumani? Akiweka saini ya udhamini rasmi, hiyo akaunti haihitajiki.

Kijana wa Benki:
Naongezea kwa mtakaotumia akaunti. Benki za katikati hukata chao njiani. Ikipungua hata euro chache hampewi uthibitisho wa kupeleka ubalozini, kwa hiyo zidisheni kidogo. Na mwende benki na barua ya chuo, mtaulizwa hela inakwenda kufanya nini.

Kaka wa Hombolo:
Asanteni sana. Dada, mtoto wa baba mdogo ni muuguzi Leipzig, ana mkataba wa kudumu. Anaweza?

Dada wa Ipagala:
Anaweza, mshahara wake ukitosha. Aende mwenyewe ofisi ya uhamiaji ya mji anakoishi, na hati za mshahara na mkataba wa nyumba. Lakini mwambieni ukweli wote: ile saini inambana miaka mitano. Mdogo wako akiishia kulishwa na serikali, yeye ndiye atadaiwa. Kwa hiyo asiombwe kwa ujumbe wa simu usiku. Mzee ampigie mwenyewe, na mkubaliane hela ya kila mavuno itakwenda kwa binti kiasi gani.

Kaka wa Hombolo:
Mzee kakubali kupiga Jumapili. Mnunuzi nimemwomba asubiri.

Dada wa Ipagala:
Usimwombe asubiri, kaka. Mwambie haliuzwi.