Msimamizi kagoma kusaini pendekezo langu la masta (mikoko ya Rufiji). Nifanyeje wakuu?

Mtoto wa Kata: Habari zenu wakuu. Nasoma masta ya jiografia, kozi za darasani nimemaliza, nimebakiza utafiti. Mada yangu ni mabadiliko ya mikoko na kilimo cha mpunga kwenye delta ya Rufiji, 2004 hadi 2024. Kila nikimpelekea msimamizi pendekezo analirudisha na maneno mawili tu: "fafanua data". Wenzangu wanatetea mwezi huu, mimi hata usingizi sipati. Nibadilishe kichwa cha utafiti au niombe msimamizi mwingine?

Kobe Mzee: Msimamizi usibadilishe. Hao wanakunywa chai meza moja.

Chaki na Vumbi: Mimi nilibadilisha. Wangu nilikuwa naandika kuhusu machinga wa Mwanza, kazi tamu sana, nilishaanza hadi kuchora ramani ya vibanda. Huyo wa pili akasema nadharia niliyotumia haipendi, akanirudisha sura ya kwanza. Hapo katikati mke akajifungua, ada ikanishinda, nikarudi kufundisha. Machinga wenyewe wakahamishwa kabla sijamaliza, ikabidi niandike kuhusu vibanda ambavyo havipo. Sikutishi lakini.

Ngalawa Kavu: Kichwa cha utafiti kiache kwanza. Picha za 2004 unatoa wapi? Kama ni Landsat 7 (setilaiti ya Marekani ya kupiga picha za ardhi), kifaa chake cha kunyoosha mistari kilikufa Mei 2003, na tangu hapo kila picha ina mapengo, karibu 22% ya eneo haipo. Landsat 5 ilikuwa bado hai ila haikuwa na kinasa cha ndani cha kuhifadhi picha, kwa hiyo picha zake za huku kwetu ni za kuokoteza. Anzia 2000 hadi 2002, kabla ya ubovu.

La pili, ambalo darasani sikuwahi kulisikia, nimelipata kwa sababu nimekulia baharini. Setilaiti hizi zinapita kwetu saa nne na kitu asubuhi. Siku za bamvua (mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapojaa na kupwa sana) saa hizo maji yamekupwa, tope lote liko nje. Siku za maji mafu (mwezi nusu, maji hayapwi sana), saa hizohizo maji yamejaa. Ukilinganisha picha ya bamvua na ya maji mafu, kompyuta itakuambia mikoko imepungua kumbe ni bahari imepanda. Chagua tarehe kwa kuangalia mwezi wa angani, usiangalie mawingu peke yake.

Tena shamba la mpunga lililoachwa likianza kuota michu (aina ya mikoko) midogo, kwenye pikseli (nukta moja ya picha) ya mita 30 huwezi kulitofautisha. Hapo ndipo unahitaji watu wa kule wakuambie. Hizo data za mpunga unazitoa wapi?

Mtoto wa Kata: Asante sana mkuu, hilo la bamvua sikulijua. Za mpunga ni dodoso.

Ngalawa Kavu: Unazigawa lini?

Mtoto wa Kata: Zipo tayari.

Ngalawa Kavu: Zipo tayari vipi wakati pendekezo halijasainiwa?

Mtoto wa Kata: Wakuu msinihukumu. Nina shemeji anafanya biashara ya kaa Nyamisati. Nilimtumia dodoso, akazunguka nazo vijijini Aprili 2024, hela ya boti nikamlipa. Nimeshaziingiza kwenye SPSS (programu ya takwimu) na zimetoka safi kabisa. Sasa mnataka nisubiri kibali nirudie upya, hela natoa wapi? Wakulima ni walewale, mashamba yaleyale. Barua itabadilisha nini?

Sabuni ya Mche: Siku ya mahafali joho avae shemeji.

Mwalimu Mstaafu: Vijana mnapenda njia za mkato. Kesho huyu ndiye ofisa mipango wa wilaya, anapanga barabara kwa dodoso za shemeji. Enzi zetu tulitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji.

Karani wa Zamani: Barua inabadilisha mengi. Chuo kinakuandikia kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Pwani, unashuka halmashauri ya Kibiti, kwa mtendaji wa kata, hadi kijijini. Na mikoko ni hifadhi ya misitu, lazima TFS (wakala wa misitu wa serikali) wajue upo. Anza leo, zile zilizojazwa ziite za majaribio, umwambie msimamizi hivyohivyo.

Mtoto wa Kata: Nikiziita za majaribio nabaki na nini? Sura ya nne nimeshaiandika nusu.

Jicho la Bundi: Ngojeni kwanza. Aprili 2024? Mwezi huo Rufiji na Kibiti mafuriko yalikuwa hayasemeki, mashamba yako chini ya maji, watu wamekimbia makazi. Huyo shemeji alimkuta nani nyumbani ametulia anajibu habari za ekari?

Mtoto wa Kata: Kuna sehemu za juu mkuu.

Jicho la Bundi: Sawa. Katika majibu yote, yupo hata mmoja aliyetaja mafuriko?

Mtoto wa Kata: Dodoso halikuuliza mafuriko.

Sabuni ya Mche: 😂😂😂 Nimemwaga chai.

Jicho la Bundi: Basi ama shemeji alijaza akiwa kibarazani, ama shemeji hayupo kabisa. Mimi naona huu uzi umetungwa na wale waandika tasnifu za kulipwa. Subirini, sasa hivi inakuja ID mpya na "kuna kaka alinisaidia".

Binti Neema: Pole sana mpendwa. Hata mimi nilikwama hivyohivyo, kuna kaka mmoja alinisaidia hadi nikahitimu, bei yake nafuu sana. Njoo PM nikupe namba.

Kobe Mzee: Bundi wewe ni mganga?

Mtoto wa Kata: Huyo dada simjui jamani, naapa. Mimi nimeuliza kuhusu msimamizi tu.

Mwalimu Mstaafu: Mods fungeni huu uzi.

Mti wa Mwambani: Msifunge, nina swali kwa Ngalawa Kavu. Mimi naandika kuhusu mikoko ya Tanga. Hiyo hesabu ya saa nne na bamvua inafanya kazi na huku?

Ngalawa Kavu: Inafanya kazi, ila saa za maji zinapishana kidogo kidogo. Tafuta jedwali la maji la bandari ya Tanga, uandike kimo cha maji pembeni ya kila tarehe ya picha. Una picha za miaka gani?