Insha iliyoandikwa na akili mnemba: je, nimhukumu mwanafunzi kwa uongo?

Muulizaji: Ndugu zangu katika Kristo, ninafundisha maadili ya Kikristo. Nimepokea insha nzuri mno kuhusu Mahubiri ya Mlimani, lakini nilipomwomba mwandishi wake anieleze ni kwa nini aya yake ya tatu inapingana na ya pili, alinyamaza. Programu ya kubaini maandishi ya mashine nayo inadai kwamba kazi hiyo si yake. Je, nimwadhibu, au akili mnemba ni chombo tu kama kikokotoo?

Jibu la 1: Mwalimu, anayetia jina lake kwenye kazi asiyoifanya anamdanganya msomaji, na hapo sioni mjadala. Kwangu zito zaidi ni hasara anayojitia mwenyewe, kwa kuwa insha hiyo haikudaiwa ili wewe upate cha kusoma, bali ili yeye ashindane na maneno ya Kristo mpaka yamguse. Waraka wa Vatikani kuhusu akili mnemba wa tarehe 28 Januari 2025, Antiqua et Nova, unaonya kuhusu programu zinazompa mwanafunzi majibu badala ya kumsaidia ayafikie mwenyewe.

Jibu la 2: Nakubali, ila hiyo programu yako inanitia shaka. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu 7 za namna hiyo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu zikadhaniwa kuwa za mashine. Mwaka huohuo OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, iliiondoa programu yake yenyewe ya kubaini maandishi ya mashine kwa sababu ya usahihi mdogo. Amri ya Kutoka 20:16, inayokataza kumshuhudia jirani uongo, inamfunga mwalimu pia (ingawa amri hiyo tunapenda kuwasomea wanafunzi tu), na Kumbukumbu la Torati 19:15 inadai mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajahukumiwa. Ukimya wa mwanafunzi wako nao huenda ni woga tu.

Muulizaji: Basi nitamwita tena, faragha, aje na rasimu zake. Na akisema aliitumia akili mnemba kusahihisha sarufi tu?

Jibu la 1: Kama hukuwa umekataza, hana kosa. Kazi ijayo mwagize kila mmoja aandike mwishoni alichosaidiwa na mashine, na anayekiri asikatwe alama kwa kukiri kwake, la sivyo hakuna atakayesema kweli.