Kuhoji watu kwa WhatsApp au Zoom ukitumia picha na video, nani kashafanya?

Mtafiti_Njaa:
Wakuu habari za jioni. Nipo masters, tasnifu yangu ni kuhusu akina mama wanaolima mwani pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kazi yao ilivobadilika tangu kilimo kianze kibiashara mwaka 1989 mpaka leo ambapo mwani aina ya kotonii inakufa kwa joto la maji na wengi wamebaki na aina nyingine, spinosamu, ambayo bei yake iko chini. Mimi nipo Dodoma na hela ya kwenda kukaa kule sina, supavaiza kakubali nihoji kwa mtandao. Sasa nimejaribu kumpigia mama mmoja, maswali yote niliyapanga vizuri kabisa lakini majibu ni "ndio", "kazi ngumu", "bei ndogo", kimya. Nimewaza nimtumie picha za mashamba ya mwani na video ya dakika tatu nliyoikuta YouTube ndo tuongee kutokea hapo. Je picha zitangulie au nioneshe palepale? Video si itamla bando? Na kubwa zaidi, nikimwonesha picha si ntakuwa namlisha maneno? Naombeni uzoefu wenu.

Mzee_wa_Dodoso:
Hiyo njia ina wenyewe toka zamani mkuu, usiogope kuiandika kwenye andiko lako. Mwanaanthropolojia John Collier aliandika mwaka 1957 jinsi walivohoji watu huko Canada kwa kutumia picha, na alichokiona ni kwamba penye picha watu waliongea kwa kirefu zaidi na hawakuchoka upesi. Sababu yake ni rahisi tu, bila picha yule mama anakuona wewe msomi unamsaili, anajibu ili umalize uondoke. Mkiwa na picha wote wawili mnaitazama picha, na hapo yeye ndo anajua kuliko wewe, anaanza kukufundisha.

Kuhusu kulisha maneno, picha yenyewe hailishi sana, kinacholisha ni swali na maelezo unayobandika chini ya picha. Ukituma picha umeandika "changamoto za wakulima" basi umeshajijibu mwenyewe. Tuma bila neno lolote, uliza "hebu niambie hapa kunafanyika nini" halafu NYAMAZA. Kwenye simu kimya cha sekunde kumi kinatisha, vumilia, mtu anatazama. Na hiyo video ya YouTube achana nayo, au angalau toa sauti ukate kipande cha nusu dakika, maana zile zina msimuliaji na muziki wa huzuni, mama akimaliza kuangalia atakurudishia yaleyale aliyosema msimuliaji.

BintiMakunduchi:
Mie mtu wa huku, na kwetu mwani ndio umetusomesha, kwa hiyo ntasema kidogo. Kwanza ndugu yangu hizo saa zako za kupiga simu unazipangaje? Bamvua likiingia, zile siku maji yanajaa na kupwa sana, wanawake wote wapo pwani, maji yakipwa wanafunga mwani kwenye kamba na kuvuna, wakirudi wamechoka na nguo maji tupu. Wewe unampigia saa hizo unataka hadithi, utaambiwa "kazi ngumu" na wala hajakudanganya. Subiri maji mafu, siku ambazo maji hayapwi sana, mtu yupo nyumbani kakaa, utaona mambo mengine.

Pili hizo picha umezitoa wapi? Picha za mtandaoni nyingi za watalii, mwanamke kavaa kanga nzuri, bahari buluu, jua linatua. Mkulima hatazami hayo kabisa. Mie nilimwonesha shangazi yangu picha moja ya hivyo, neno la kwanza "huyu kafunga karibukaribu, na kamba yake imelegea, tazama, itaburura mchanga", kisha akaivuta ikawa kubwa akanionesha ncha zilizokuwa nyeupe, akasema huu umeshaugua, wiki hii au ijayo unakatika. Kutoka hapo akaingia kueleza mwaka waliopoteza kotonii yote na kwa nini hakuhamia maji ya kina, kwa sababu hajui kuogelea na chombo hana. Hakuna swali lako hata moja lingemfikisha huko. Kwa hiyo waombe wao wapige picha zao, wao wachague nini kipigwe.

Na simu ujue mara nyingi si ya kwake, ya mtoto au ya mume. Muulize mwanzo kabisa nani mwengine anaifungua hiyo WhatsApp.

kijana_wa_stationery:
Nichangie upande wa ufundi maana research za watu wengi zinapita hapa kwangu kuchapwa na hao watu wanalia na rekodi zao. Kila picha ipe namba KUBWA juu ya picha yenyewe, na wewe wakati wa maongezi itaje kwa sauti, "sawa mama sasa tuko picha ya nne". Usipofanya hivyo ukija kuandika unakuta kwenye rekodi "hiki hapa ndo tatizo, si kama kile", hiki kipi na kile kipi hujui na picha ziko nane. Akinyoosha kidole kwenye skrini wewe huoni, mwambie aseme upande gani, juu, chini, karibu na nini.

Zoom kwa watu hao sahau, ya bure inakata dakika 40 na video ukishea skrini inakwamakwama, sauti inafika picha haijafika, na kuna kile kiboksi cha kuruhusu sauti ya video watu husahau kukitiki. WhatsApp inatosha, tuma klipu usiku kabla, imepunguzwa iwe ndogo, siku ya kuongea anaifungua tu bila kula bando. Picha zitume dakika chache kabla, ukizituma siku mbili nyuma utahoji familia nzima, kila mtu keshatoa maoni yake. Bando mtumie, ila mtumie mapema na liandikwe kwenye bajeti lisionekane malipo ya majibu.

Kingine, picha ikitumwa kama dokumenti inakuja na taarifa za mahali ilipopigwa, ikitumwa kawaida WhatsApp inazifuta. Kama unataka kuficha kijiji cha mtu liangalie hilo.

Mama_Kibali:
Nimekaa kamati ya maadili, naona mnaruka jambo. Akipiga picha pwani atapiga na wenzake, na hao hawajaridhia chochote. Fomu ya ridhaa itenganishe vitu, kukubali kurekodiwa ni kimoja, kukubali picha ibaki kwako ni kingine, kukubali ichapwe kwenye tasnifu ambayo itakaa mtandaoni milele ni kingine kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na sura ya mtu ni taarifa binafsi. Watoto waachwe nje. Na kufunika macho kwa kijistari cheusi msijidanganye, kijiji kizima kinamjua mtu kwa kanga yake na kwa shamba lake.

Pinga_Pinga:
Mimi kidogo niko tofauti. Picha inamfanya mtu aongelee kilichomo kwenye picha. Pesa ya mwani nyumbani anaishika nani, mume alisema nini alipoanza kutoka, deni la kamba kwa mnunuzi, hayo hayapigiki picha. Utarudi na kurasa mia za kamba na vijiti.

Mzee_wa_Dodoso:
@Pinga_Pinga hoja nzito hiyo. Mimi huwa namalizia kwa kuuliza "kitu gani ulitaka kukipiga ukaacha, au hakiwezi kupigwa?" Hapo ndo madeni na waume hutokea, na mara nyingine mtu anakwambia zima rekodi kwanza.

Mtafiti_Njaa:
Aisee shukrani sana wakuu, video naitoa yote nabaki na picha zao wenyewe, na kalenda ya maji naitafuta kesho. Swali la mwisho, wasio na smatifoni je? Wanne kati yao wana vitochi.

kijana_wa_stationery:
Chapa picha za wenzao waliokubali, namba mbele na nyuma, zifikishwe kwa mkono, umpigie kwa kitochi chake azishike mkononi. Karatasi ngumu, zitapata maji.

BintiMakunduchi:
Na anayezipeleka asiwe sheha, yaani kiongozi wa serikali wa pale mtaani. Sheha utamhitaji kwa kuingia na utamheshimu, lakini akikaa pale upenuni wakati mama anaongea na wewe, utarudi kwenye "bei ndogo" zako.