Osaka usiku mbili: Gold ya Hilton, Gold ya Marriott, au nilipe tu Dormy Inn?

Mzee wa Mnada
Wakuu salaam. Ijumaa nitakuwa Nagoya, Japani, kwenye mnada wa magari wa USS. Nikimaliza nakwenda Osaka kwa Shinkansen, treni ya kasi, kama dakika 50 tu, na mama watoto ananikuta huko. Tunalala Ijumaa na Jumamosi, ndege ni Jumapili usiku kutoka uwanja wa Kansai. Safari za Dubai na Guangzhou zimeniachia hadhi ya mwanachama ya Gold kwa Hilton na Gold kwa Marriott, ila pointi nilizonazo ni za Hilton, tena za usiku mmoja. Nachagua kati ya Hilton Osaka pale Umeda, Marriott Miyako ndani ya jengo la Abeno Harukas, au niache makadi nilipe Dormy Inn, hoteli ya kawaida pale Namba. Nani kalala wapi?

Kipara wa Doha
Mkuu, Gold hizo zinafanana jina tu. Ya Hilton, ukiwa nje ya Marekani, inakupa kifungua kinywa wewe na mwenzako, hata usiku uliolipia kwa pointi. Ya Marriott haina chai wala andazi. Utapata pointi za ziada, chumba bora kidogo kikiwepo, na siku ya kuondoka kukaa chumbani hadi saa 8 mchana, nako ni kama nafasi ipo. Chai na launji kule zinaanzia hadhi ya juu zaidi, Platinum, yaani usiku 50 kwa mwaka. Na kifungua kinywa cha hoteli za daraja hilo Japani kinapita yen 3,000 kwa kichwa. Watu wawili, asubuhi mbili, piga hesabu.

BintiUnguja
Hesabu sawa kaka, lakini chai ya bure ina faida ukiila. Samaki wa kuchoma, wali, mayai na tofu utakuta, utashiba. Soseji jihadhari, na michuzi yao mingi ina mirin, ambayo ni pombe ya mchele. Uliza kabla ya kupakua.
Mimi nililala Harukas, na ningerudi. Jengo lina mita 300 na vyumba viko kuanzia ghorofa ya 38. Mume wangu alisimama dirishani usiku hadi nikamwita mara tatu. Halafu stesheni ya Tennoji ipo hapo chini, unapanda treni ya Haruka moja kwa moja hadi uwanja wa ndege.

Kipara wa Doha
Haruka siku hizi inasimama stesheni ya Osaka pia, dada. Tangu Machi 2023, kwenye majukwaa ya chini ya ardhi upande wa Umeda. Ni dakika chache tu za ziada.

Chogo
Si kuna ofa ya usiku wa tano bure? Tumia hiyo.

Fundi Saati
Chogo, hiyo inataka ulale usiku tano mfululizo kwa pointi. Jamaa analala mbili.
Mzee, sikiliza hili. Japani bei inapanda Jumamosi, Wajapani wenyewe ndipo wanapotembea. Jumapili inashuka. Kwa hiyo Ijumaa lipa taslimu, Jumamosi weka pointi, mradi ulinganishe bei za siku zote mbili kwanza. Zitakuwa buking mbili, waandikie mapema wakuunganishie, msije mkahamishwa chumba. Na jaza watu wazima wawili. Hoteli nyingi za kule zinatoza kwa kichwa, ukiandika mmoja mkaja wawili utaongezewa mapokezi.

Mama Ngeta
Na ubuku kwenye tovuti ya hoteli yenyewe! Mimi nilipitia kwa dalali wa mtandaoni kuokoa pesa ya kahawa. Mapokezi waliinama kwa adabu zote wakanieleza kuwa kadi yangu kwa buking hiyo haihesabiki. Chai nikalipia.

Kijana wa Kariakoo
Wazee mnajitesa na makadi. Dormy Inn haikuulizi hadhi. Kila mgeni anaoga kwenye bwawa la maji moto, na kuanzia saa 3 na nusu usiku wanagawa soba, tambi za Kijapani, bure. Chumba ni kidogo, mabegi mawili makubwa yakifunguliwa mmoja wenu anakaa kitandani. Kodi ya malazi nayo ni nafuu. Tangu Septemba 2025 Osaka inatoza yen 200 kwa mtu kwa usiku kama bei ya chumba kwa kichwa ni kuanzia yen 5,000 na haijafika 15,000, ila ikifika 20,000 kwa kichwa ni 500.

BintiUnguja
Bwawa hilo mnaingia bila nguo, wanaume kwao na wanawake kwao. Mwambie mama watoto mapema.

Mzee wa Mnada
Nimemwambia. Amecheka, kisha akasema Hilton. Ijumaa pesa, Jumamosi pointi, na Jumapili mabegi tutawaachia mapokezi mpaka jioni. Sasa anauliza: hiyo soba, asiyelala pale hawampi?