Wanaume tisa na mzee wangu anangoja

Swali: Habari zenu ndugu. Namtunza mzee wa miaka 88 hapa Jerusalem. Jana alfajiri nilimsukuma na kiti chake hadi sinagogi, akasome Kadishi, sala ya Kiyahudi ya kuwaombolezea wafu, kwa ajili ya marehemu mkewe. Walikuwa tisa. Mzee kashika kitabu, macho mlangoni, dakika ishirini nzima. Nami nipo palepale! Mbona sikuhesabiwa?

Jibu: Pole dada. Kwa Wayahudi Waorthodoksi, wanaoshika sana desturi za kale, minyani, yaani idadi ya watu inayotakiwa kwa sala ya pamoja, ni wanaume kumi Wayahudi, kuanzia miaka 13. Idadi hiyo wanaitoa katika kitabu cha Hesabu 14:27: wapelelezi kumi waliovunja watu moyo wanaitwa "mkutano". Wasipotimia, kila mtu husali sala zake, lakini Kadishi haisomwi.

Jibu: Wakonsavativu, tawi jingine la Wayahudi, waliruhusu kuhesabu wanawake mwaka 1973, ila lazima wawe Wayahudi. Halafu Wayahudi kwa desturi hawahesabu vichwa kwa namba. Hutumia Zaburi 28:9, kwa Kiebrania ina maneno kumi.

Muulizaji: Kumbe! Ndiyo maana bwana mmoja alinong'ona neno moja moja akitazama kila mtu. Wa kumi aliokotwa barabarani, akaingia na mfuko wa mikate. Mzee akasimama, kanikamata mkono kwa nguvu mpaka akamaliza.