Ulinganisho: banda la wavu la jakuzi nyumbani Mbeya, tujenge kwa paina, alumini au skwea paipu?

Binti_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa walioko Nyanda za Juu Kusini, maana ushauri ninaoupata kutoka Dar hauendani na baridi ya huku.

Tumeweka jakuzi nyuma ya nyumba hapa Uyole, ya watu watano, inaingia lita 1,200 hivi. Imekaa juu ya jamvi la zege na juu ni wazi. Mtumiaji mkuu ni baba. Amestaafu, magoti yanamsumbua, na maji ya moto yanampa nafuu kubwa. Shida ni mazingira. Juni na Julai akitoka majini upepo wa jioni unamkata. Mvua zikianza, kumbikumbi wanafuata taa na kujaa juu ya maji. Agosti mpaka Oktoba ni vumbi. Kwa hiyo tunataka banda lenye paa na kuta za wavu wa mbu, mita 4 kwa 5, liegemee ukuta wa nyuma wa nyumba.

Mafundi wamenipa mapendekezo tofauti. Wa kwanza anataka nguzo na fremu za paina iliyotiwa dawa. Wa pili anataka alumini yenye wavu wa kuteleza. Wa tatu anataka skwea paipu za kuchomelea na bati juu. Wa nne anasema niachane na wavu kabisa, nizibe vioo pande zote ili joto libaki ndani. Paina ndiyo nafuu, vioo ndivyo ghali kuliko vyote, hao wawili wako katikati. Ningependa kusikia kwa aliyejenga au anayeijua kazi hii. Nataka kitu kitakachodumu, si kitu cha kurudia kila mwaka.

Fundi_Mwanjelwa

Dada, pole na hongera kwa kumjali mzee.

Nafanya kazi za alumini kwa hiyo najua nitaonekana navutia kwangu, lakini nitakupa sababu ili uzipime mwenyewe. Jakuzi si kibaraza cha kunywea chai. Maji ya nyuzi 38 au 39 yanatoa mvuke muda wote kifuniko kikiwa wazi, na mvuke huo unabeba dawa ya maji. Klorini ni adui wa chuma. Skwea paipu utaipaka rangi vizuri, lakini kila sehemu ilipochomelewa zinki inayoikinga imeungua, na ndani ya bomba hakuna rangi. Kutu inaanzia hapo, kwa ndani, ukiiona nje imeshakula. Alumini yenye rangi ya unga iliyookwa kiwandani haina habari na mvuke.

Angalizo moja ambalo mafundi wengi wanalipuuza: alumini isigusane na saruji mbichi. Saruji ikiwa na maji inaila alumini na kuacha alama nyeupe za kudumu. Funika fremu kwa utepe wa plastiki mpaka plasta ikauke.

Wavu chukua wa faiba, matundu 18 kwa 16 kwa inchi. Haushiki kutu, unavutwa ukakaza, na ukichanika unabadilisha kipande kimoja. Ukiwa na paka wenye kucha, sehemu ya chini weka wavu mzito zaidi.

Mnyalukolo_Kihesa

Kamwene wote.

Fundi wa Mwanjelwa kasema kweli kuhusu chuma, lakini paina ameiruka. Sisi huku tuko jirani na Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote nchini, liko hapo Mufindi. Kuagiza alumini iliyosafiri baharini wakati mbao ziko kwenye barabara hiyo hiyo unayopita kwenda Dar, mimi naona tunajinyima wenyewe.

Ila paina ina masharti, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Mbao iliyotiwa dawa kwa presha si sawa na mbao iliyopakwa dawa kwa brashi. Ya presha dawa imeingia ndani, ukikata kipande unaona rangi ya kijani imezama. Ya brashi ni ngozi tu, mchwa wanapita. Mwambie muuzaji akate mbele yako. Halafu kila mahali fundi wako atakapokata upya lazima apake dawa tena kwenye jeraha, la sivyo maji yanaingia hapo hapo.

Nguzo isizame kwenye zege. Ikae juu ya kiatu cha chuma, imeinuliwa inchi mbili kutoka kwenye jamvi, upepo upite chini yake. Skrubu ziwe za chuma cha pua au zilizozamishwa kwenye zinki, kwa sababu dawa ya mbao ina shaba, na shaba inaila misumari ya kawaida. Kwa sababu hiyo hiyo usipigilie wavu wa alumini juu ya mbao za dawa. Utaoza pembeni wakati katikati bado mpya. Faiba ndiyo inayofaa.

Na tafadhali, vipande vitakavyobaki visiende jikoni wala kwenye moto wa kuota. Dawa ile ina arseniki, moshi wake ni sumu. Nimeona watu wanaokota mabaki kwenye saiti wakachome nyama, inaniuma kila mara.

Kijana_wa_Makambako

Huku kwetu upepo ndio mwenye mji. Nikushauri jambo moja: wavu haupitishi upepo wote. Unapokuwa mpya unapunguza, ukijaa vumbi unakuwa karibu na ukuta, na paa linanyanyuliwa kutoka chini. Kenchi zifungwe kwenye nguzo kwa bamba za chuma, si misumari ya mshazari peke yake. Na wavu uoshwe kila vumbi linapozidi, kwa bomba na brashi laini.

Mama_Tukuyu

Binti yangu, naona wanaume wanagombania nguzo. Paa ndilo litakaloamua.

Mimi niko Tukuyu, mvua ya huku unaijua, inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Tuna chumba cha kuogea cha nje, kimeezekwa bati tupu. Usiku wa baridi ukiwa na maji ya moto chini, bati linatokwa jasho na matone ya baridi yanakudondokea kichwani na mgongoni. Sababu iko wazi: hewa ya nyuzi 30 inabeba takribani gramu 30 za mvuke kwa kila mita ya ujazo, ya nyuzi 10 inabeba gramu 9 hivi. Hewa ya moto ikigusa bati la baridi, kilichozidi lazima kiwe maji. Mzee mwenye magoti mabaya hahitaji matone ya barafu shingoni, wala sakafu yenye utelezi.

Ndiyo maana huyo wa vioo usimsikilize. Ukiziba kote, mvuke hauna pa kutokea. Vioo vitalia, dari itaota ukungu mweusi, na ukuta wa nyumba mnaouegemea utaanza kumenyeka rangi. Wavu ndio pumzi ya banda lenyewe, kuzuia wadudu ni faida ya pili.

Juu weka polikaboneti, yaani plastiki ngumu ya kuezekea, yenye matabaka na nafasi za hewa katikati. Haipoi haraka kama bati, kwa hiyo matone ni machache, na inavumilia mvua ya mawe. Upande wenye kinga ya jua uangalie juu, umeandikwa kwenye nailoni yake. Kwenye mwinuko wetu jua ni kali kuliko pwani hata kama kuna baridi, ukiigeuza itakuwa njano na kukatika mapema. Mifereji yake ya ndani ifuate mteremko, ncha zizibwe kwa utepe wake, na matundu ya skrubu yawe makubwa kidogo kuliko skrubu kwa sababu inatanuka na kusinyaa. Juu kabisa, pale paa linapokutana na ukuta wa nyumba, acha nafasi ya kiganja yenye wavu ili mvuke utoke. Ukingo wa bati wa kuzuia mvua isiingie hapo fundi anaujua.

Umeme_Iyunga

Mama umemaliza kazi. Naongeza la umeme tu, kwa kuwa banda likijengwa watu wanaanza kuning'iniza taa na soketi humo.

Laini ya jakuzi itoke kwenye ubao mkuu peke yake, na iwe na kikata umeme cha miliampea 30 ambacho kinajizima umeme ukivuja. Waya wa ardhini upimwe, usiaminiwe kwa macho. Soketi yoyote ikae mbali na mkono wa mtu aliye majini, mita 2 au zaidi. Fremu ya alumini au chuma nayo iunganishwe na ardhini. Kama jakuzi lilitoka Marekani, angalieni kibao chake: umeme wa kule ni hezi 60 na wetu ni volti 230 na hezi 50, pampu inaweza isifanye kazi inavyotakiwa.

Kuhusu kumbikumbi, weka taa za njano ndani, na taa nyeupe kali iweke mbali, kule getini. Watafuata ile.

Na kifuniko kirudi juu ya maji kila mnapomaliza, hata kama banda lipo. Kupandisha lita 1,200 kutoka nyuzi 15 hadi 39 kunakula uniti 33 au 34, na hita ya kilowati 3 inachukua zaidi ya saa 11. Joto likishapanda, kazi ni kulilinda. Banda la wavu halilindi joto la maji, kifuniko ndicho kinacholilinda.

Nesi_Njombe

Shikamoo Mama Tukuyu. Binti_Uyole, baba ana presha? Kama anameza dawa za presha au ana tatizo la moyo, amuone daktari wake kwanza. Maji ya moto yanatanua mishipa na kushusha presha, akisimama ghafla anaweza kupata kizunguzungu. Nyuzi zisipite 40, dakika 15 zinatosha, na asiwe peke yake. Kwenye banda wekeni mshikio imara kuanzia ngazi ya jakuzi mpaka mlangoni, na benchi la kukaa kabla ya kutoka kwenye baridi.

Dawa ya maji ipimwe kwa vijiti: klorini isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu wa maji) iwe kati ya 7.0 na 7.8. Maji ya uvuguvugu yasiyotunzwa yanazaa bakteria wa lejionela, na hao wanaingia kwa kuvuta mvuke. Ndani ya banda mvuke unakaa karibu na pua kuliko ukiwa nje.

Kama kuna wajukuu, mlango ujifunge wenyewe na komeo liwe juu wasikofikia.

Binti_Uyole

Shikamoo Mama Tukuyu, na asanteni sana wote. Baba ana presha kidogo, tutakwenda kliniki kabla ya kuendelea. Nesi, asante kwa hilo, hakuna fundi hata mmoja aliyeniuliza.

Nimekaa na mdogo wangu tukapima. Vioo tumeviondoa. Skwea paipu pia, kwa hoja ya kutu inayoanzia ndani. Tumebaki na paina na alumini. Je, nikichanganya? Nguzo na kenchi ziwe paina ya presha, fremu za wavu na mlango ziwe alumini, paa polikaboneti. Upande wa kusini unakotoka upepo, tujenge ukuta wa tofali mpaka kifuani, juu yake wavu.

Mnyalukolo_Kihesa

Huo ndio mpango, kaka na dada zangu. Alumini na mbao za dawa zisigusane tu. Weka utepe mzito wa mpira au plastiki katikati, na skrubu za chuma cha pua. Ukuta wa nusu ni wazo zuri kwa mzee kuliko yote yaliyosemwa hapa, maana akiwa amekaa majini kichwa chake kitakuwa chini ya upepo.

Fundi_Mwanjelwa

Nakubali mchanganyiko huo. Mita 5 gawa fremu za wavu ziwe vipande vinavyotoka, kila kimoja kisizidi mita 1.2, ili Kijana wa Makambako akisema osha, uzitoe na kuzilaza chini. Wavu mkubwa wa kipande kimoja unalegea.

Na kabla ya zege la kiatu hata kimoja, pitieni ofisi ya mipango miji ya jiji mkaulize kibali. Banda lililoungwa na nyumba linahesabika kama nyongeza ya jengo.

Kijana_wa_Makambako

Kifuniko cha jakuzi kinafungukia upande gani? Vingi vinakunjwa katikati na kulala nyuma, vinataka nafasi ya nusu mita au zaidi. Usije ukajenga ukuta wa tofali halafu kifuniko kikakosa pa kulala.

Binti_Uyole

Kinalala upande wa kusini, huo huo wa ukuta. Kesho tunageuza jakuzi kabla halijajazwa maji tena, maana likijaa ni zaidi ya tani moja na hakuna wa kulisogeza. Mlango utakuwa mashariki, karibu na jiko, ili mama amuone baba akiwa ndani.